Shajara ya kipimajoto cha mtindi: safari ya biti saba hadi namba 85

Mama hutengeneza mtindi wa kuuza jikoni kwetu hapa Mbeya, mara tatu kwa wiki. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 85, huachwa yapoe hadi 43 hivi, ndipo kianzio kinaingia. Miaka yote, ile 85 ameipima kwa kutazama povu na ile 43 kwa kidole. Mwezi wa tano sufuria mbili zilikataa kuganda. Mimi ni fundi redio, nikamwambia nitamtengenezea kipimajoto chenye namba kubwa, asome hata akiwa mlangoni. Nimejiwekea sharti moja: hakuna kompyuta ndani yake, hata ile ndogo ya aisi moja (aisi ni kile kipande cheusi cha saketi chenye miguu). Nataka kila biti, yaani kila 0 au 1 ya namba, niweze kuigusa kwa mita.

Jumamosi, 7 Juni

Leo ni upande wa kupima. Kihisi ni LM35, kina miguu mitatu na hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. ADC0804 inageuza volti hizo kuwa biti 8. Ukiiacha ilivyo, inagawa volti 5 katika hatua 256, karibu milivolti 20 kila hatua, yaani nyuzi mbili mbili. Ila ukiupa mguu wake wa 9 volti 1.28, kipimo kizima kinakuwa volti 2.56 na kila hatua ni milivolti 10 kamili. Hatua moja, nyuzi moja. Namba inayotoka kwenye aisi inakuwa ndiyo joto lenyewe.

Hiyo 1.28 nilitaka kuigawa moja kwa moja kutoka kwenye chaja ya simu, lakini chaja yangu moja inatoa 5.1 na nyingine 4.8, na joto la maziwa haliwezi kubadilika kwa sababu nimebadilisha chaja. Nikang'oa TL431 kwenye pawasaplai mbovu ya kompyuta. Inashikilia volti 2.5 hata chaja ikiyumba, halafu volyumu ndogo ya kuzungusha kwa bisibisi inazishusha hadi 1.28.

Nikapanga taa nane za LED juu ya aisi, kila moja mbele ya mguu wake. Saa nane mchana, chini ya bati, zikatoka hivi kushoto kwenda kulia: 00011000. 1 ni taa inayowaka, 0 iliyozima; kuanzia kulia nafasi zina thamani 1, 2, 4, 8, 16, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Hapa zimewaka 16 na 8, ni 24. Kipimajoto cha ukutani nacho 24. Nikapiga makofi peke yangu.

Mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, akabana LM35 kwa vidole viwili. Nilitegemea 25. Ikaja 10011000.

"Kaka, hiyo ni 152."

Ikafuata 01011000, yaani 88. Nilipoteza saa nzima. Nilibadilisha LM35, nikapima 1.28 upya, nikahisi ADC imeungua. Kumbe biti ndogo kabisa iko mguu wa 18 na biti kubwa iko mguu wa 11. Aisi ikilala na kikato chake upande wa kushoto, safu ya juu huhesabiwa kutoka kulia kurudi kushoto. Kwa hiyo biti ndogo ilikaa kushoto, pale ambapo jicho langu linatafuta biti kubwa. Nilikuwa nasoma kila namba kinyumenyume. 25 ikigeuzwa ni 152 na 26 ikigeuzwa ni 88, lakini 24 ukiigeuza inabaki 24 ileile. Kati ya namba zote, chumba kilichagua hiyo.

Kuanzia leo sijaribu nyaya kwa namba inayosomeka sawa pande zote mbili. Ninaanza na 1, kisha 2, kisha 4, biti moja moja.

Jioni mama akaja kutazama. Akaangalia taa nane, akaniangalia mimi. "Mwanangu, hizi zinasema ngapi?" Nikamwambia 19. "Umejuaje?" Nikaanza kumweleza 16 na 2 na 1, na katikati ya maelezo yangu akaenda kuepua chai.

Jumapili, 8 Juni

Siku nzima ya karatasi, na ndiyo siku ninayoipenda zaidi katika mradi huu mpaka sasa.

Taa za namba za vijiti saba zinaendeshwa na aisi iitwayo CD4511. Unaipa biti nne, yenyewe inajua vijiti gani viwake: ukiipa 0101 inachora 5. Mtu anaweza kufikiri basi kazi imekwisha: kata biti zako nne nne, kila fungu liende kwenye CD4511 yake. Jaribu kwa 85. Kwa bainari, yaani kwa 0 na 1 tu, ni 01010101. Ukikata katikati unapata 0101 na 0101, na mama atasoma 55. Jaribu 43, ambayo ni 00101011. Fungu la kwanza ni 2, la pili ni 1011, yaani 11, na CD4511 ikipewa chochote kinachozidi 9 inazima vijiti vyote. Angesoma 2 na giza pembeni yake.

Sababu ni kwamba fungu la biti nne lina nafasi 16, kuanzia 0 hadi 15, na tarakimu yetu ina nafasi 10 tu. Nafasi sita zimezidi. Ukifika 9, hatua inayofuata haina budi kuruka hizo sita na kutua kwenye makumi.

Sasa njia. Namba ya bainari unaweza kuisoma kutoka kushoto hivi: anza na sifuri; kwa kila biti, zidisha ulicho nacho kwa mbili, kisha ongeza hiyo biti. 85 bila sifuri ya mbele ni 1010101. Inakwenda 1, 2, 5, 10, 21, 42, 85. Hakuna kugawanya kwa kumi popote. Kuna kuzidisha kwa mbili tu, mara kwa mara, na kwenye saketi kuzidisha kwa mbili ni kusogeza waya nafasi moja kushoto. Haina gharama yoyote.

Tatizo linatokea tarakimu ikiwa 5 au zaidi. 4 mara mbili ni 8, inatosha ndani ya fungu lake. 5 mara mbili ni 10. Shuleni tunaandika 0 na kupeleka 1 kwenye makumi. Waya hazijui hilo. 0101 ikisogezwa inakuwa 1010, kumi nzima imejazana kwenye nyumba ya mamoja, wakati ilitakiwa kuwa 1 0000. Kutoka 1010 hadi 1 0000 ni hatua sita, zilezile sita za kuruka.

Mdogo wangu akauliza swali zuri: "Mbona vitabu vinasema tarakimu ikifika tano ongeza tatu kabla ya kuzidisha, wakati zinazozidi ni sita?" Tukachukua visoda. Tano mezani. Ukizidisha kwanza, vinakuwa kumi, halafu unaongeza sita, vinakuwa kumi na sita. Ukiongeza tatu kwanza vinakuwa nane, halafu unazidisha, vinakuwa kumi na sita vilevile. Tatu iliyoingia kabla ya kuzidishwa nayo inazidishwa. Aliirudia kwa sita, kwa saba, kwa nane, mpaka visoda vikaisha, akaridhika.

Halafu akaona kitu ambacho mimi sikuwa nimekiona. Nilikuwa nachora mageti, saketi ndogo za kujibu ndiyo au hapana, ya kuuliza "je, imefika tano?" kabla ya kuongeza: mawili ya AU na moja la NA kwa kila kituo, yaani kila mahali tarakimu inapokaguliwa kabla ya kusogezwa. Yeye alikuwa anaandika majibu ya kuongeza tatu kwa namba zote, 0 hadi 9, kwa bainari. Sifuri inakuwa 0011, nne inakuwa 0111, tano inakuwa 1000. Akaweka kidole kwenye hiyo moja ya mbele. Kuanzia tano kwenda juu, jibu lina moja mbele. Chini ya tano, halina. Jibu lenyewe linajibu swali.

Kwa hiyo kila kituo kitakuwa na aisi mbili tu. Kijumlishi 74HC283 kinaongeza tatu wakati wote, bila kuuliza. Kisha 74HC157 inachagua ipitishe namba ilivyokuja au namba iliyoongezwa tatu, na anayeiamrisha ni biti ya juu ya jumla hiyohiyo. Biti hiyo ya juu ndiyo pia inayovuka kwenda makumi wakati wa kusogeza. Saketi ya namna hii ni furaha kuichora.

Biti nane kamili zingehitaji vituo saba. Maziwa hayatafika nyuzi 128, na LM35 ya aina yangu mwisho wake ni 100, kwa hiyo natumia biti saba na vituo vitano: vinne vya mamoja, kimoja cha makumi. Aisi kumi.

Jumatano, 11 Juni

Rafiki yangu fundi amepita, akaona michoro, akasema kwa Arduino, ubao mdogo wenye kompyuta ya aisi moja, ningeshamaliza. Ni kweli. Mstari mmoja wa kugawanya kwa kumi, mwingine wa baki. Lakini aisi iliyomo kwenye Arduino Uno, ATmega328P, haina amri ya kugawanya ndani yake. Ukiandika alama ya kugawanya, programu inageuzwa kuwa mfululizo mrefu wa kusogeza na kutoa. Kazi hii ipo palepale, imefunikwa tu. Nataka mdogo wangu aione ikiwa haijafunikwa angalau mara moja.

Jumamosi, 14 Juni

Kifurushi kimefika kwa basi kutoka Kariakoo. 74HC283 tano, 74HC157 tano, CD4511 mbili, ziko sawa. Taa za vijiti nilizoletewa ni za chanya ya pamoja, nami niliagiza za hasi ya pamoja, kwa sababu CD4511 husukuma umeme kwenda kwenye kijiti, haivuti. Zinafanana kabisa kwa macho. Ni mita tu inayozitofautisha. Nimezirudisha, nyingine zitakuja wiki ijayo.

Bila kusubiri nikaunda kituo cha kwanza na kukijaribu kwa swichi nne na taa nne. 0 hadi 4 zinapita zilivyo, 5 inatoka 8, 9 inatoka 12. Sahihi mara ya kwanza.

Alhamisi, 19 Juni

Vituo vyote vitano vimeungwa, bredibodi tatu (mbao za matundu za kuunga saketi bila kuchomelea), waya nyingi kuliko redio yoyote niliyowahi kufungua. Swichi saba zinajifanya ADC. Taa za vijiti sahihi zimefika leo mchana, na mamia sikuitolea CD4511: kwa kuwa ni 0 au 1 tu, biti moja inawasha vijiti viwili vya kulia moja kwa moja kupitia rezista zake, na ikiwa 0 pako giza, hakuna sifuri ya bure mbele ya namba.

Nikapanda kwa swichi, moja moja. 20, 21, 22 mpaka 27, kila kitu sawa. Nikaweka 28, ikaandika 30. 29 ikaandika 31. 30 ikaandika 32. 40 ikawa 40 tena, sawasawa, mpaka 47, kisha ikaruka kwenda 50. Nikisogeza kidole karibu na kituo cha nne, wakati mwingine namba inajirekebisha, nikiondoa inaharibika tena.

Namba inayobadilika kwa kidole ni mguu unaoning'inia. Hilo nilijua, ila mguu upi? Nikakaa na daftari badala ya kuvuta waya ovyo. Kwenye ishirini na kwenye arobaini, mamoja 8 na 9 zimepotea. Kabla ya kusogezwa mara ya mwisho, 28 ni 14, mamoja yake ni 4, na 4 haitakiwi kuguswa. Hapa imeguswa. Ili 4 ipate moja mbele, lazima iwe imeongezwa nne, siyo tatu. Nani anaongeza hiyo moja ya ziada? Kijumlishi 74HC283 kina mguu wa 7, wa kupokea kilichobebwa kutoka kwa kijumlishi kilichotangulia. Mimi sina cha kutangulia, kwa hiyo unatakiwa uende hasi. Kwenye vituo vinne umekwenda hasi. Kwenye cha nne nimeusahau, ukawa unaelea, na mara nyingi ulikuwa unajihesabu kuwa 1.

Kipande kimoja cha waya, 28 ikarudi. Kituo kinachoongeza nne badala ya tatu kinaruka kuanzia nne badala ya tano, na nne ikizidishwa kwa mbili ni nane. Waya mmoja tu ulikuwa umegeuza kituo changu cha mwisho cha mamoja kihesabu kwa msingi wa nane.

Jumapili, 22 Juni

Swichi zimeondoka, ADC imechukua nafasi yake. Usiku umeme ulikatika, nikahamia kwenye pawabenki, nikaacha kifaa kikiwaka mezani.

Alfajiri nikakuta kimezima. Nikabonyeza pawabenki, kikawaka, kikaandika 11, baridi ya Juni. Nusu dakika, kikazima. Nikakiwasha tena na kushika kihisi mkononi mpaka kikasoma 28; hapo hakikuzima. Nikakiachia, kikashuka polepole, na kilipotulia kwenye 11 kikazima tena.

Tarakimu 1 ina vijiti viwili. 11 ni vijiti vinne, na kila kijiti kinatumia kama miliampea 7 kwa rezista zangu za omu 330. Pawabenki ikiona umeme unaovutwa ni mdogo kiasi hicho, inadhani simu imejaa, inajizima. 28 ina vijiti kumi na viwili, inaonekana ina njaa. Nimeweka rezista ya omu 68 ya wati 1 kati ya chanya na hasi, inakula miliampea 70 na kitu bila kazi nyingine yoyote. Inaniuma kuchoma umeme hivyo, lakini mama akipika usiku umeme ukiwa umekatika, kifaa lazima kiendelee kuwaka.

ADC nayo umeme ukirudi haianzi yenyewe kila mara. Nimeweka kitufe kinachogusisha mguu wa 3 kwenye hasi kwa sekunde moja.

Ijumaa, 27 Juni

Kihisi kimeingia kwenye bomba jembamba la stenlesi, ncha yake imezibwa na fundi wa kuchomelea mageti. Sikutaka shaba wala risasi vikutane na maziwa.

Jaribio la mwisho kabla ya maziwa: maji yanayochemka. Nilitaka kuiona ile 1 ya mamia. Maji yakachemka kwa nguvu, kifuniko kinarukaruka, namba ikapanda 91, 92, 93, 94. Ikasimama. Dakika kumi, bado 94.

Baada ya mambo ya tarehe 19, shaka yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye vituo. Nikashika mita nikafuata namba kituo hadi kituo, mdogo wangu akiandika. Biti za ADC: 1011110. Kituo cha kwanza kimepokea 101, ambayo ni 5, kimetoa 1000. Ile 1 imekwenda makumi. Cha pili kimepokea 0001, kikapitisha. Cha tatu 0011, kikapitisha. Cha nne 0111, ambayo ni 7, kimetoa 1010: 1 ya mbele imevuka, 010 zimebaki, zikaungana na biti ya mwisho 0, ikawa 0100. Nne. Kituo cha makumi kimepokea 0100, kikapitisha, ikasogea na kuungana na ile 1 iliyovuka: 1001. Tisa. Mdogo wangu pembeni alikuwa ameandika safari ileile kwa desimali: 1, 2, 5, 11, 23, 47, 94. Hakuna kituo kilichokosea. Nikapima LM35 yenyewe: volti 0.94.

Mama alikuwa anasubiri jiko. "Mnatafuta nini?" Nikamwambia maji yamekataa kufika mia. Akasema, "Hapa hapafiki. Tangu nimepanda kutoka Kyela maharage yangu yanamaliza mkaa."

Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 300 hivi za kupanda hupunguza karibu nyuzi moja kwenye kuchemka kwa maji. 94 ndiyo mia yetu hapa. Kule Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, yangechemka kwenye 98 hivi. Mamia yangu haitawaka kwa maji jikoni kwetu, nami nimeiacha ilivyo.

Jumamosi, 28 Juni

Jambo moja lilibaki. Joto likiwa katikati ya 84 na 85, ADC inapiga huku na huku mara nyingi kwa sekunde, 4 na 5 zinachorwa juu ya nyingine, na kwa mbali inaonekana kama 9 iliyofifia. CD4511 ina dawa yake: mguu wa 5 ukipewa chanya, inashikilia namba ya mwisho iliyoiona. NE555, aisi ya kupima muda, inaufungua kidogo mara moja kwa sekunde. Sasa namba inatulia, kisha inabadilika, kama mtu anayesoma kwa sauti.

Saa kumi na moja jioni mama akainjika lita kumi. Nilikaa kimya. Alitazama povu kama kawaida yake, akasema, "Sasa." Namba ilikuwa 83. Akaitazama, akangoja, 84, 85, akapunguza moto.

Kupoa kulichukua muda mrefu. Mdogo wangu alikuwa na daftari, kila namba mpya anaigeuza kwa bainari na kupita vituo vitano kwa kalamu kabla ya namba nyingine kufika. 62 ilimshinda, 57 akaiwahi. Saa tatu kasoro dakika kumi usiku ikaandika 43. Mama akachovya kidole kwanza, akaangalia namba, akachovya tena. Kisha akafungua chupa ya kianzio.